Mtu wa Tano wa Treni ya Mkwaya

Mkwaya, Lindi
10 Januari 1952

Kwa Shangazi yangu Bi Kazija,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mbu wa hapa Mkwaya ni wazima kunizidi. Natumaini goti lako limepoa, na Bi Kibibi amekurudishia kinu chako. Kama hajarudisha, usigombane naye mpaka upate nafasi ya kuniandikia, maana habari ya ugomvi naipenda ikiwa mbichi.

Huku zile karanga za Wazungu wa Nachingwea, ulizosema hazitaota, hazikuota. Matrekta yamelala porini kuku wanatagia ndani. Lakini reli iliyojengwa kwa ajili yao imebaki, na treni bado inapanda Nachingwea na kushuka, ikibeba saruji, unga, mafuta ya taa, na siku nyingine hewa.

Sasa jambo lenyewe. Umri unakwenda, na kupika wali peke yangu nimeshindwa: juu unaungua na chini haujaiva, jambo ambalo wenzangu wanasema haliwezekani. Naomba uniposee Mboni, binti wa Mzee Bakary wa Songo Mnara. Utamkumbuka. Ndiye aliyenicheka siku ile nilipoteleza pale Kilwa Masoko na kapu la mayai. Tangu siku hiyo nimechekwa na watu wengi, lakini hakuna aliyenicheka vizuri namna ile.

Mzee Bakary akiuliza kazi yangu, mwambie mimi ni mtu wa treni ya mizigo. Mwambie pia, na hili naweza kuliapia mbele ya kadhi, kwamba nisipokuwepo treni haiondoki.

Mwanao,
Mfaume


Kilwa Kivinje
4 Februari 1952

Mwanangu Mfaume,

Marahaba. Goti limepoa, kinu hakijarudi. Bi Kibibi anasema alidhani nimempa. Nimemwambia basi na mimi nadhani amenipa yule jogoo wake, na sasa hivi ninavyoandika jogoo yuko uani kwangu anawika. Ugomvi huo, mbichi kama ulivyouagiza.

Mwandiko wangu usikutie haya mbele ya wenzako. Baba yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyepelekwa shule. Mimi herufi hizi nimejifunza kwenye magazeti ya kufungia sukari, na ndiyo sababu habari nyingi za dunia nazijua nusu.

Bakary alikuja Kivinje juzi kuuza ng'onda, samaki wake wa kukausha. Nikamkaribisha kahawa, nikamweleza. Akauliza, "Kijana anafanya kazi gani?" Nikasema, "Yuko kwenye treni ya mizigo." Akasema, "Watu wengi wako kwenye treni. Hata magunia yako kwenye treni." Ndipo nikamwambia neno lako, kwamba usipokuwepo haiondoki.

Mfaume, ungemwona! Kikombe kilisimama hewani. "Haiondoki?" "Haiondoki." "Treni nzima?" "Na mizigo yake." Akanywa kahawa yote kwa mara moja, na ilikuwa ya moto.

Mimi sikumwambia wewe ni dereva. Kama yeye kichwani mwake amekupandisha pale mbele, huo ni ukarimu wake. Lakini alipofika mlangoni aligeuka akauliza swali moja, nami nalileta kwako kama lilivyo: "Huyo kijana, mikono yake inashika nini?"

Nijibu hilo. Anangoja.

Shangazi yako,
Kazija


Mkwaya
22 Machi 1952

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa sana ng'ambo ya Mbwemkuru kwa sababu mto umejaa na lori la posta haliwezi kuvuka. Ilipofika ilikuwa imelowa, lakini jogoo nilimsoma vizuri. Pole kwa Bi Kibibi.

Unauliza habari za kazi. Kazi ni nzuri, alhamdulillahi. Mbele kabisa yuko dereva wetu Singasinga, mtu mwenye ndevu nyingi na maneno machache. Pembeni yake yuko Severini, mtia moto, mtoto wa kule Nyangamara. Huyo akifungua mlango wa tanuri utadhani anamlisha mnyama anayemdai. Kisha yuko Petro, mshika breki, ambaye mikono yake imekuwa migumu kama mti. Nyuma kabisa, kwenye behewa lake, yuko gadi, Bwana Likwata, mwenye filimbi, bendera na taa, na tumbo la kuvitanguliza vyote vitatu. Tunaishi kama ndugu.

Mikono yangu ni mizima, namshukuru Mungu. Msalimie Mzee Bakary. Mwambie mvua huku ni nyingi.

Mwanao,
Mfaume


Kilwa Kivinje
20 Aprili 1952

Mfaume,

Marahaba, na salamu za mvua tumezipata. Hata huku inanyesha, hukuwa na haja ya kuituma kwa posta.

Jogoo ametoroka amerudi kwa mwenyewe. Kinu bado.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, nikiwa nimevaa miwani na nikiwa sijaivaa. Dereva anaendesha. Severini anatia moto. Petro anashika breki. Likwata anapiga filimbi. Hao ni wanne, na kwa akili yangu ya magazeti ya sukari, treni hapo imeshaondoka. Wewe uko wapi? Umejitaja kwa afya ya mikono tu.

Mimi ndiye niliyekulea. Ulipovunja mtungi ulikuwa unaniambia habari za kuku wa jirani. Sasa umenieleza ndevu za Singasinga.

Andika. Na andika upesi, maana Bakary anasema mvua zikikatika atapanda lori mwenyewe aje akuone ukifanya kazi. Songo Mnara nzima inajua kwamba mkwe wake mtarajiwa ndiye anayeondosha treni ya Lindi. Juzi mtu mmoja kisiwani alisema mashine za treni ni mbovu, Bakary akamnunia kama ametukanwa yeye.

Kazija


Mkwaya
9 Mei 1952

Shangazi,

Shikamoo. Kaa chini kwanza.

Kazi yangu ni kuwepo.

Nitaeleza. Kuna kanuni ya reli kwamba treni ya mizigo isitoke stesheni ikiwa na watu pungufu ya watano. Zamani, karanga zilipokuwa bado zinatumainiwa, treni ilikuwa ndefu hata mbele na nyuma ziliweza kunyeshewa mvua mbili tofauti. Gadi alikuwa hamwoni dereva. Ikaamriwa awepo mtu wa tano, akae katikati na bendera nyekundu, na akiona mabehewa yamekatika, aipunge. Ilikuwa amri ya busara. Kisha karanga zikafa, treni ikafupika, kanuni ikabaki na urefu wake ule ule.

Siku hizi tuna mabehewa manne. Nikikaa katikati, namsikia Likwata nyuma yangu akitafuna mhogo. Bendera naikalia isije ikapeperuka. Severini hanitaji kwa jina langu, ananiita Bwana Kuwepo. Nikimwambia, "Severini, mwenzako nimechoka leo," anajibu, "Pole, Bwana Kuwepo, jana ulikuwepo sana."

Lakini sikukudanganya, Shangazi. Siku ile nilipougua jino, treni haikutoka. Singasinga yupo, moto upo, filimbi ipo. Ilikaa pale inatoa moshi mpaka jino langu likang'olewa. Wakanipandisha shavu limevimba, ikaenda.

Sasa nakuomba, mzuie Mzee Bakary. Mweleze barabara ni mbaya, mweleze lolote. Akija atanikuta nimekaa. Na kuna uvumi kwamba yuko mkubwa wa reli kule Dar es Salaam ambaye na yeye ameanza kuuliza mtu wa tano anafanya nini. Wawili wakiniuliza swali hilo mwaka mmoja, sitakuwa na kazi wala mke.

Mwanao mwenye haya,
Mfaume


Kilwa Kivinje
2 Juni 1952

Mwanangu,

Marahaba. Nilikaa chini kama ulivyosema, nikacheka mpaka Bi Kibibi akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia nimekumbuka kinu. Akaenda zake upesi.

Bakary simzuii tena, ameshaondoka. Amebeba ng'onda kikapu kizima kwa ajili ya "wafanyakazi wako", yaani wale walio chini yako.

Lakini sikiliza neno hili, maana ninaliwaza tangu barua yako ifike. Songo Mnara ni kisiwa kidogo. Unajua sala ya Ijumaa haiswihi ila watimie wanaume arobaini, wakaazi wa pale pale. Songo Mnara wametimia arobaini, hakuna wa akiba. Akipungua mmoja wanasali Adhuhuri kama siku yoyote, na Mwalimu Abdurahmani anarudi nyumbani na hotuba yake mfukoni. Na unajua nani anasimama mlangoni mwa msikiti kuhesabu? Ni Bakary. Anahesabu wote, mwisho anajigusa kifua: arobaini. Akitokea mvuvi wa Mafia au mtu wa Kilwa Kisiwani anataka kujazia, Bakary humwambia pale pale, "Karibu usali, lakini mgeni hahesabiwi."

Kwa hiyo hii safari yake imeleta maneno. Mwalimu amemruhusu akose Ijumaa moja, na ya pili awe amerudi. Bakary ameapa.

Akifika usimdanganye. Ila ukweli umpe kidogo kidogo, kama dawa ya minyoo.

Kazija


Mkwaya
23 Juni 1952

Shangazi,

Shikamoo. Huku sote wazima, isipokuwa Likwata, na ugonjwa wake ndio utakaokupa habari hii.

Mzee Bakary alifika asubuhi ya siku ya kuondoka. Nilikwenda kumpokea kwenye malori. Nikamwamkia, nikachukua kikapu, akaanza kuniuliza habari zako, wewe unajua salamu zake zilivyo ndefu. Hatujafika hata kwenye goti lako, mashine ikapiga honi. Kisha nikamwona bwana wa stesheni anakuja mbio, kofia mkononi: "Mfaume! We Mfaume! Treni nzima inakungoja wewe!"

Shangazi, Mzee Bakary alininyang'anya kikapu akakibeba mwenyewe. Alitembea nyuma yangu kama mtu anayesindikiza bwana harusi. Ningekufa saa ile, ningekufa mtu mkubwa.

Likwata alimpa nafasi kwenye behewa lake. Baada ya stesheni ya kwanza mzee akaomba aje kukaa na mimi katikati.

Tukakaa. Akanitazama. Nikatazama mbele, kisha nyuma, kama inavyotakiwa.

"Mwanangu," akasema, "kazi inaanza saa ngapi?"

"Imeshaanza, Mzee."

Akangoja. Tulipofika Mtama akaniuliza, "Bado inaendelea?"

"Inaendelea."

Akatazama mikono yangu. Nilikuwa nimeshika hindi la kuchoma. "Na ukilala?"

"Hairuhusiwi kulala."

"Alaa. Basi kuna kazi kidogo," akasema, na tangu hapo akanichunga nisisinzie mpaka Nachingwea.

Kule Nachingwea Likwata akapatwa na homa kali. Asubuhi tukawa wanne. Singasinga tayari, moto tayari, Petro tayari, mimi, kwa kadiri yangu, tayari. Bwana wa stesheni wa pale akasema haitoki. Mzee Bakary akaruka, maana Ijumaa yake ilikuwa inamkimbiza. "Nihesabuni mimi! Mtu mzima, macho mawili. Kama kazi ni kukaa, na mimi nakaa!" Akakaa pale pale juu ya gunia la saruji kuonyesha.

Bwana wa stesheni akamtazama, akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, mgeni hahesabiwi."

Sijui kama alikuwa amewahi kufika Songo Mnara. Lakini Mzee Bakary aligeuka ghafla, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali asipojulikana. Alibaki juu ya lile gunia muda mrefu. Hata jua lilipomfikia hakuondoka.

Homa ya Likwata haikuwa na haraka. Tulipoteremka, Ijumaa ya pili ilikuwa imeshapita. Mzee alipanda lori la Kilwa bila kuniaga. Ng'onda aliwagawia wenzangu wote wanne. Mimi hakunipa.

Nadhani jibu ninalo.

Mfaume


Kilwa Kivinje
19 Julai 1952

Mwanangu,

Marahaba. Jibu huna. Kuna mambo mawili umeyakosa kwa kuwa uko mbali.

La kwanza, Bakary alipokelewa Songo Mnara kama mtu aliyezamisha chombo. Ijumaa mbili kisiwa kimesali Adhuhuri kwa ajili yake. Mwalimu Abdurahmani alimwambia mbele ya watu, "Ulikwenda kutazama treni?" Neno hilo tu. Hata watoto sasa wakimwona wanatoa sauti ya mashine.

La pili, alikuja kwangu. Alikaa pale pale alipokaa siku ile ya kahawa, lakini safari hii kikombe hakukigusa.

"Bi Kazija, kijana wako hafanyi kitu."

"Anafanya nini?"

"Anakaa! Wenziwe wanahangaika, yeye amekaa anatafuna hindi!"

"Na asipokaa?"

Akageukia mlangoni.

"Nakuuliza wewe uliyekwenda, Bakary. Asipokaa?"

"Haiondoki," akasema, kwa sauti ya mtu anayetapika.

Nikamwongezea sukari, ingawa hakuwa amekunywa. Nikasema, "Wewe Ijumaa kule kwenu unafanya nini? Unaadhini?"

"Siadhini."

"Unatoa hotuba?"

"Anatoa Mwalimu."

"Unasalisha?"

"Bi Kazija, mimi naona unakokwenda."

"Basi nitangulie, maana goti linaniuma."

Akaangua kicheko, Mfaume, akakizuia katikati kwa mkono. Kisha akanywa ile kahawa, imepoa na ina sukari ya watu wawili. Hakuniambia ndiyo, hakuniambia hapana. Lakini alipoondoka nilikuta ng'onda moja kubwa kwenye upenu, na mimi sikununua.

Usiandike kitu kwake. Kaa. Wewe kukaa unajua.

Kazija

Nilisahau: yule Maftaha wa Songo Mnara, fundi wa madema ya kutegea samaki, amehamia Dar es Salaam na watu wake kutafuta kazi bandarini. Hata Bakary aliporudi, wamebaki thelathini na tisa.


Mkwaya
30 Agosti 1952

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini uko mzima, na Bi Kibibi, na jogoo, na kinu huko kiliko. Siku hizi napata nafasi nzuri ya kuandika. Nimefua nguo zangu zote. Nimefua na za Severini. Nimepanda mchicha nyuma ya nyumba, na kila asubuhi nakwenda kuutazama kama umeota. Ni kazi inayofanana na ile niliyozoea.

Hali ya hewa ni nzuri.

Basi, nimalize. Yule mkubwa alikuja kutoka Dar es Salaam. Mzungu mrefu, mpole, kaptura imepigwa pasi. Alipanda treni yetu mpaka Nachingwea. Alimwuliza kila mtu kazi yake, na kila mtu akamwonyesha. Severini alimwonyesha mpaka nyusi zake zikaungua. Alipofika kwangu akauliza kwa Kiswahili kizuri, "Na wewe unafanya nini?"

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyatayarisha, Shangazi. Kutazama, kulinda, usalama wa umma. Lakini nilikumbuka lile swali la Mzee Bakary, nikaona nimechoka kulikimbia. Nikasema, "Nipo, Bwana."

Akasema, "Naona."

Wiki hii amri imefika. Treni ya mizigo itakwenda na watu wanne, na hiyo ndiyo sheria sasa. Bendera nimeirudisha. Likwata alilia. Severini alisema, "Bwana Kuwepo, sasa tutasema hukuwepo," kisha akaenda nyuma ya mashine akakaa huko kwa muda, na aliporudi alisema ni moshi.

Wameniruhusu nikae kwenye nyumba mpaka mwisho wa Septemba. Nakuomba uende kwa Mzee Bakary uiondoe posa kwa heshima, kabla hajaikataa yeye. Mwambie treni inaondoka bila mimi. Nilipokutuma useme vinginevyo nilisema kweli, ila kweli yenyewe imepunguzwa.

Mboni mwambie lolote litakalomchekesha.

Mwanao,
Mfaume


Kilwa Kivinje
14 Septemba 1952

Mfaume, mwanangu,

Marahaba, na pole, na usifue tena nguo za watu.

Siku barua yako ilipofika, nilikuwa bado nimeishika mkononi, Bakary akapiga hodi. Nikaikalia, kama wewe na bendera yako.

Alikuwa amekonda. Kisiwani hawajasali Ijumaa tangu Maftaha ahame. Mwalimu Abdurahmani hotuba zimemjaa ndani, sasa anawahutubia watu gatini wakiteremsha samaki. Wamemwalika huyu na yule ahamie, wote wanasema kisiwa hakina maji ya kutosha. Bakary akazunguka, akazunguka, akauliza habari za goti hadi goti lenyewe likaona haya. Mwisho akasema:

"Yule kijana. Kukaa kwake... ni mtu wa kudumu? Si wa kukaa leo, kesho akaona kuchoka?"

"Kwa kukaa," nikasema, "sijaona mwenzake pwani hii."

"Maana mimi nilimtazama kutwa nzima. Hakulala. Hakulalamika. Mtu mwingine angejitia kushika hiki na kile ili mkwe amwone. Yeye alikaa." Akakuna ndevu. "Akimwoa Mboni, atakubali kuhamia kwetu? Awe mkaazi, si mgeni. Mahari tutazungumza kwa wepesi. Sharti langu ni moja tu: Ijumaa zote."

Hapo, Mfaume, nilijitia kufikiri sana. Nikaguna. Nikatazama dari. Nikamwambia, "Bakary, unaniomba jambo zito. Kijana ana kazi yake ya Serikali. Sijui kama ataweza kuiacha."

Usinihukumu. Sikusema uongo. Mtu hawezi kuacha kitu kilichokwisha kumwacha.

Bakary akanishika mkono, akasema, "Najua ni kumnyang'anya treni. Mwambie na mimi nitamheshimu kwa hilo."

Sasa uamuzi ni wako. Maji ya kisima cha kule yana chumvi, na mkweo atakuhesabu kila wiki kama kuku. Mboni nilimwuliza peke yake. Alisema, "Yule wa mayai? Mwambie aje, ila vyombo nitabeba mimi."

Barua yako bado nimeikalia. Nijibu niinuke.

Kazija

Kinu kimerudi. Kimepasuka. Bi Kibibi anasema alikipokea hivyo.


Songo Mnara
6 Desemba 1952

Shangazi,

Shikamoo, na shukrani ya harusi, na ya jogoo tuliyemla, ambaye nilimtambua kwa sauti kabla hajachinjwa. Mwambie Bi Kibibi alikuwa mtamu.

Mboni mzima. Wali anaupika vizuri. Amenicheka karibu kila siku, na maji ya chumvi nimeshayazoea.

Nilimweleza Mzee Bakary habari za ile amri mkesha wa ndoa, maana sikutaka aniozeshe kwa treni ambayo sinayo. Kisha akasema, "Watu wa reli hawajui kuhesabu," akaondoka kwenda kuangalia kama mbuzi amefungwa vizuri.

Severini ameniandikia. Treni sasa ni ya watu wanne, na juzi Likwata ameshikwa tena na homa, wakawa watatu. Haikuondoka. Anasema walikaa Nachingwea wakitafuna mahindi na kunitaja kwa wema.

Sasa nikupe habari ya jana. Jana ilikuwa Ijumaa, na mimi tangu juzi nilikuwa nimelala na homa, natetemeka hata kitanda kinatembea. Nikamwambia Mboni awaambie wanisamehe, mgonjwa ana udhuru. Mboni akatoka, akarudi, akasema, "Wamekusamehe." Nikafurahi. Nikavuta shuka.

Baada ya muda mlango ukafunguliwa wakaingia wanaume wanne. Hawakunigusa mimi. Walishika kitanda, mmoja kila mguu, wakakiinua na mimi juu yake. Tukatoka hivyo, tukapita visimani, tukapita kwenye madema yaliyoanikwa, wanawake wakatoka kutazama, watoto nyuma wanatoa sauti ya mashine, na Mboni anacheka ameshika nguzo ya nyumba, cheko lile lile la Masoko.

Mwalimu Abdurahmani alikuwa ameshasimama mlangoni, hotuba mkononi. Na mbele yetu, akiwapisha watu njiani kwa fimbo, alikuwa anatangulia mkwe wangu. Kitanda kilipoyumba kidogo kwenye mawe aligeuka kwa hasira, akawafokea wachukuzi:

"Taratibu na huyo kijana wangu! Asipokuwepo, Ijumaa haiondoki!"

Mwanao, mkaazi wa Songo Mnara,
Mfaume